Mbao za Kompyuta na Simu Isiyokuwapo

Ubao wa matangazo wa kompyuta, wasikilizaji wapenzi, ulikuwa kompyuta moja nyumbani kwa mtu, iliyounganishwa na waya wa simu na kuachwa ikiwaka usiku na mchana, ikisubiri kupigiwa. Aliyepiga hakuwa na haja ya kuzungumza kwa mdomo. Kompyuta yake ndiyo iliyopiga, ikapokewa na kompyuta ya mwenye ubao. Hapo mpigaji alisoma kwenye skrini yake barua zilizobandikwa na wengine, akaandika ya kwake, akachukua programu moja au mbili, kisha akakata simu ili mwingine apate nafasi. Mazungumzo ya leo yanahusu mbao hizo, ambazo nyingi zilizimwa katika miaka ya 1990, na namna zinavyofufuliwa ndani ya kompyuta za leo kwa njia ya kuiga.

Kuiga nini hasa? Swali hilo litarudi mara kadhaa, kwa sababu jibu linalokuja haraka silo lenye uzito. Wengi hudhani kinachoigwa ni kompyuta ya zamani tu. Kompyuta ndiyo sehemu iliyo rahisi. Kinachotaka uangalifu zaidi ni simu.

Ubao wa kwanza ulifunguliwa Chicago, Marekani, tarehe 16 Februari 1978. Waliouunda walikuwa wawili: Ward Christensen, mfanyakazi wa kampuni ya IBM, aliyeandika programu, na Randy Suess, aliyeunganisha vifaa. Wote wawili walikuwa katika klabu ya wapenzi wa kompyuta wa mji huo. Januari ya mwaka ule theluji kubwa ilifunga barabara za Chicago, watu wakabaki majumbani, na marafiki hao wakaamua kuutumia muda huo kutengeneza ubao ambao wanaklabu wangeufikia kwa simu badala ya kwenda kubandika karatasi ukutani. Waliuita CBBS. Mashine yenyewe ilitegemea diski za flopi, na simu ilipolia ndipo ilipojiwasha upya na kuisoma programu kutoka kwenye diski.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Christensen alikuwa ameandika programu ndogo ya kupeleka faili kwa simu. Waya za simu zilikuwa na kelele, na herufi moja ikiharibika njiani programu nzima haifai kitu. Alichofanya ni kulikata faili vipande vya baiti 128. Kila kipande kiliambatana na jumla ya hesabu yake. Upande wa pili ulihesabu upya, na jumla zisipolingana uliomba kipande kile kirudiwe. Njia hiyo ilikuja kujulikana kwa jina la XMODEM, nayo bado inafanya kazi leo katika mbao zilizofufuliwa. Christensen, aliyefariki mwaka 2024, aliitoa bure kwa yeyote aliyetaka kuitumia.

Sasa msikilizaji aishike picha hii vizuri: waya mmoja, mpigaji mmoja. Mbao kubwa zilikuja kuwa na laini nyingi, lakini ubao wa kawaida ulikuwa na laini moja, mara nyingi ileile ya nyumbani. Ulikuwa kama baraza la mtu lenye kiti kimoja cha mgeni: aliyekikalia akizungumza, wengine husubiri njiani. Mpigaji wa pili alisikia mlio wa laini inayotumika, akajaribu tena baada ya dakika chache, na tena, na tena.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa desturi zote za mbao. Kila mpigaji alipangiwa dakika zake kwa siku. Skrini ya kwanza ilionyesha majina ya waliopiga kabla yake. Mwenye ubao, akiwa amekaa mbele ya kompyuta yake, aliona kila herufi iliyoandikwa na mgeni, na aliweza kuingilia kati na kumsalimu papo hapo. Huko Marekani simu za ndani ya mji mara nyingi hazikutozwa kwa dakika, na kwa hiyo ubao ulikuwa kitu cha mtaa: wapigaji waliishi karibu, na wengine walikutana ana kwa ana mwisho wa wiki. Huko Ulaya, ambako kila dakika ilikuwa na bei, watu walijifunza kuzipakua barua haraka, kukata simu, kuzisoma na kuzijibu kwa utulivu, kisha kupiga tena kuyapeleka majibu.

Kasi nayo ilikuwa na sheria zake. Modemu za mwanzo, yaani vifaa vilivyoiunganisha kompyuta na waya wa simu, zilipeleka biti 300 kwa sekunde, yaani kama herufi 30. Skrini ya kawaida ina safu 80 na mistari 25. Kuijaza yote kulichukua zaidi ya dakika moja, na jicho la msomaji lilikwenda mbele kuliko maandishi. Baadaye kasi ilipanda hadi 2400, kisha zaidi, na wachoraji wakapata nafasi. Kwa alama za vipande vya mistari, vivuli na miraba, na kwa rangi 16, walichora milango ya majumba, mazimwi na majina ya mbao kwa herufi kubwa. Picha ilijichora mstari baada ya mstari mbele ya macho ya mpigaji, na mchoraji hodari alijua kipi kitatangulia kuonekana na kipi kitafuata.

Je, ubao wa mtaa ulibaki peke yake? Haukubaki. Mwaka 1984, Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet, utaratibu wa mbao kupigiana simu zenyewe. Usiku wa manane, gharama za simu zilipokuwa nafuu, ubao mmoja uliupigia mwingine, ukakabidhi fungu la barua, ukapokea fungu lingine, ukakata. Barua ilihama ubao hadi ubao, usiku hadi usiku, mpaka ikavuka bahari. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, vituo vya FidoNet duniani vilikuwa vimepita 30,000.

Utaratibu huo ulifika Afrika Mashariki, na hapa panastahili kukaa kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 intaneti ya moja kwa moja ilikuwa haijafika, na simu za nje zilikuwa ghali na zenye kukatika. FidoNet ilifaa mazingira hayo hasa. Haikuhitaji laini iliyo wazi muda wote, ilitosheka na dakika chache nzuri za usiku, na simu ikikatika barua haikupotea, ilisubiri jaribio la pili. Jijini Nairobi, Environment Liaison Centre International ilitumia njia hiyo kubeba barua za asasi zisizo za kiserikali. Mtandao wa HealthNet, ulioanzishwa na shirika la SatelLife la Marekani, ulitumia programu za aina hiyohiyo pamoja na setilaiti ndogo kupeleka habari za tiba kwa madaktari na watafiti, zikiwemo hospitali na vyuo vya Kenya, Tanzania na Uganda. Wengi huhesabu historia ya barua pepe katika ukanda huu tangu siku za vibanda vya intaneti. Hesabu hiyo inaiacha nje miaka ambayo modemu ziliita gizani zikipokezana mafungu ya barua, na si haki kuiacha.

Kisha wavuti ukaja. Katikati ya miaka ya 1990 watu walianza kulipia intaneti, kurasa zenye picha zikawavuta, na laini ya simu iliyokuwa ikipiga ubao ikaanza kupiga kampuni ya intaneti. Wenye mbao walizima mashine moja baada ya nyingine. Diski zikawekwa kwenye maboksi.

Diski hizo ndizo zinazofunguliwa sasa, na hapo ndipo kazi ya kuiga inapoanza.

Kiigaji ni programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye kuwa mashine nyingine. Inasoma amri zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa ya zamani na kuzitekeleza moja moja kama prosesa ile ingefanya. Inaigiza kumbukumbu yake, skrini yake, sauti yake na diski zake. Mashine ya Commodore 64 ya mwaka 1982 huigwa na programu iitwayo VICE. Kompyuta za mfumo wa DOS, zilizobeba mbao nyingi za miaka ya 1990, huigwa na DOSBox. Zote mbili ni za bure, na kompyuta ya kawaida ya mkononi ina nguvu za kutosha kuziendesha.

Tufike basi kwenye lile swali: kuiga nini hasa? Programu ya ubao ikishawashwa ndani ya kiigaji, inafanya nini? Inasubiri simu ilie. Na simu haipo. Programu ya kuandikia barua au kupigia hesabu ikiigwa, kazi imekwisha, mtu anaitumia. Programu ya ubao ikiigwa bila simu, inakaa kimya milele.

Simu hiyo huigizwa kupitia modemu. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ilitoa modemu iliyopokea amri kwa maandishi, kila amri ikianza kwa herufi AT, na kampuni nyingine karibu zote zikafuata lugha hiyo. Simu ikiita, modemu iliiandikia kompyuta neno RING. Kompyuta ilijibu ATA, maana yake pokea. Modemu mbili zikishikana, liliandikwa CONNECT pamoja na kasi. Mpigaji akikata, yaliandikwa maneno NO CARRIER, na programu ikajua mgeni ameondoka. Mazungumzo ni mafupi hivyo, na ufupi wake ndio bahati ya wafufuaji. Ili programu ya ubao iamini kwamba simu ipo, inatosha mtu au kitu kiyaseme maneno hayo kwa wakati wake.

Ndivyo inavyofanywa. DOSBox ina modemu ya kuiga ndani yake. Mwenye ubao huiambia isikilize kwenye namba fulani ya mlango wa intaneti. Mtu akiingia kwenye mlango huo kwa njia ya Telnet, utaratibu wa zamani wa kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa maandishi, kiigaji huiandikia programu RING. Programu hujibu ATA kama ilivyozoea. Kiigaji huandika CONNECT, na ukurasa wa kukaribisha unatoka. Wanaotumia VICE huongeza programu ya pembeni iitwayo tcpser, inayofanya kazi ileile: upande mmoja inasema lugha ya modemu, upande mwingine inasema lugha ya intaneti. Na anayetaka kupiga akiwa ndani ya mashine iliyoigwa huandika ATDT kama zamani, ila mahali pa namba ya simu anaweka anwani ya intaneti.

Turudie, kwa sababu hapa ndipo kiini kilipo. Kinaigwa chombo, yaani kompyuta. Inaigwa modemu. Na kwa modemu hiyo inaigwa laini ya simu. Kwa ajili ya simu hiyo, programu ya ubao haibadilishwi hata herufi moja. Inaendelea kuishi katika mwaka wake.

Iko njia ya pili, ya kuiga kidogo tu. Programu kadhaa za mbao zinatunzwa mpaka leo kwa ajili ya mifumo ya kisasa. Synchronet, kwa mfano, ilianzishwa na Rob Swindell mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa DOS, baadaye msimbo wake ukawa wazi kwa wote, na sasa inafanya kazi kwenye Windows na Linux ikipokea wageni wa intaneti moja kwa moja. Hapo ubao wenyewe hauhitaji kuigwa. Michezo ya zamani tu ndiyo inayofungwa ndani ya kiigaji kidogo. Njia hii ni imara na inafaa kwa anayetaka ubao wenye shughuli. Lakini anayetaka kuurudisha ubao fulani, ule wa mtaa fulani wenye menyu zake na makosa yake, hana budi kufuata njia ya kwanza.

Michezo hiyo inafaa kuelezwa. Wapigaji waliiita milango, kwa kuwa mtu alitoka kwenye ubao akaingia humo, akimaliza akarudi. Ubao uliandika faili dogo lenye jina la mpigaji na dakika alizobakiwa nazo, ukakaa kando, ukauachia mchezo laini. Miongoni mwa iliyopendwa sana ni Legend of the Red Dragon, wa Seth Able Robinson, ulioanza mwaka 1989. Mchezaji anaingia msituni, anapigana na viumbe, anapata dhahabu na kupanda daraja. Ila kila siku ana mapambano ya idadi maalumu. Yakiisha, aondoke, arudi kesho. Kwa nini? Kwa sababu laini ilikuwa moja na wengine walikuwa wakisubiri. Mchezo uliundwa kwa kipimo cha waya. Wapo wafufuaji wanaoondoa mipaka hiyo wakidhani wanawafanyia wageni hisani. Matokeo yake mchezo unamalizwa kwa jioni moja na hakuna anayerudi. Mipaka iachwe. Wapinzani wanaposhambuliana usiku wakati mwenzao amelala, na kila mmoja akaamka na habari ya kusoma, ndipo mchezo unapoishi wiki nzima.

Kuiga kuna matatizo yake, na mengine yanashangaza. La kwanza ni kasi kupita kiasi. Programu nyingi za mbao ziliandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal. Zinapoanza, hupima kasi ya mashine kwa kuhesabu mizunguko, kisha hugawanya hesabu hiyo. Kwenye mashine yenye kasi sana, jibu linakuwa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa kuliweka, na programu inakufa kabla ya kuanza, ikiacha ujumbe wa kosa namba 200. Dawa ni kukipunguza mwendo kiigaji au kuirekebisha programu. La pili ni programu zilizosubiri kwa kuuliza bila kukoma: je, kuna aliyebonyeza? je, kuna aliyebonyeza? Zamani haikudhuru. Leo prosesa inachoshwa bure na feni inavuma usiku kucha. La tatu ni tarehe: baadhi ya programu ziliuhifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, na baada ya mwaka 2000 zikachanganyikiwa katika kuhesabu siku za wapigaji.

La nne limewatesa wengi. Telnet imeitenga baiti yenye thamani 255 iwe ishara yake ya amri. Katika maandishi ya kawaida baiti hiyo haionekani sana, lakini ndani ya faili la programu imejaa. Kiigaji kisipoirudia mara mbili inapopita, upande wa pili unaimeza kama amri, jumla za XMODEM zinakataa kulingana, na faili linarudiwa na kurudiwa bila kufika. Ukaguzi ule wa Christensen unafanya kazi yake sawasawa. Kosa liko kwenye njia.

Upande wa mgeni nako kuna mambo. Akiingia kwa programu ya Telnet ya kawaida, michoro ile mizuri inageuka herufi zisizoeleweka, kwa kuwa mpangilio wa alama za kompyuta za IBM za wakati ule si huu wa leo. Ndiyo maana kuna programu maalumu za kupigia mbao, kama SyncTERM, zenye alama zile za zamani na rangi zake. SyncTERM inaweza pia kuagizwa iyalete maandishi kwa kasi ya modemu ya zamani. Mgeni wa mara ya kwanza na ajaribu hivyo. Mchoro unaofika wote kwa pamoja humwonyesha mgeni matokeo tu. Unaojichora mbele yake humwonyesha na mkono wa mchoraji.

Wapo pia wenye mashine halisi, Commodore au nyingine ya umri huo, bado nzima. Hao hawahitaji kuiga kompyuta. Huchomeka nyuma yake kijisanduku chenye chipu ya Wi-Fi, kinachopokea amri za AT na kupiga kupitia intaneti. Simu pekee ndiyo inayoigwa.

Yamebaki mawili ya usalama, na yote ni mazito.

Telnet haifichi chochote. Neno la siri hupita wazi, na kwa hiyo mgeni asitumie kwenye ubao neno analolitumia benki au kwenye barua pepe. Zaidi ya hapo, mtandao umejaa programu zinazozurura zikibisha hodi kwenye milango ya Telnet. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilivamia kamera na vifaa vingi vya nyumbani kwa njia hiyohiyo, ikijaribu maneno ya siri yaliyozoeleka. Kwa ubao wa laini moja adha yake ni ya pekee: mgeni wa kweli anakuta laini inatumika kwa sababu kiti kimekaliwa na mashine. Wenye mbao hubadilisha namba ya mlango, au humtaka mgeni abonyeze kitufe cha Escape mara mbili kabla ya kuingia. Desturi hiyo ya pili ilikuwapo tangu siku za FidoNet, ilipotumika kutofautisha mtu aliyepiga na ubao mwingine ulioleta barua.

Na la mwisho ni watu wenyewe. Diski ya ubao uliozimwa ina zaidi ya programu. Ina majina, namba za simu, tarehe za kuzaliwa, maneno ya siri ambayo mara nyingi hayakufichwa, na barua za faragha ambazo, mbali na mwandishi na mwandikiwa, mwenye ubao pekee ndiye angeweza kuzisoma. Hata barua za hadharani ziliandikwa kwa ajili ya watu wachache wa mtaa mmoja, na baadhi ya waandishi wake walikuwa vijana wadogo. Kuziweka zote mbele ya dunia nzima kwa jina la historia ni kuwavunjia heshima. Mfufuaji makini hunakili diski yote kwanza na kuihifadhi nakala hiyo bila kuigusa. Kisha hutengeneza nakala ya pili, akafuta orodha ya wapigaji na barua za faragha, akawatafuta wale anaoweza kuwapata na kuwaomba ruhusa kwa yaliyobaki. Nakala hii ya pili ndiyo anayoiwasha, na wapigaji wa leo wanajiandikisha upya, kuanzia namba moja.